Miti Kumi na Tisa Iliyofungwa Vitenge

Nyinyi mnaopanda ile trekta sasa mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini nilikuwa nawagombeza kila asubuhi kuhusu grisi, kama vile mmekosa adabu kanisani. Nilikuwa nasema nitawaeleza siku moja, kisha kazi inaisha, gari la kuturudisha West Side, mtaani kwetu mjini, linapiga honi, na mimi nanyamaza. Sasa nimestaafu. Nina muda, na nina kiti cha jikoni ambacho hakitetemeki. Kwa hiyo nawaeleza, ila mtanivumilia, maana na ng'ombe wataingia humu.

Mimi sikuanza na miti. Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, mti ulikuwa kitu cha kufungia ndama. Nilikulia nyuma ya ng'ombe, nikakimbia vita nikiwa baba wa watoto wawili, nikakaa kambini Tanzania miaka ambayo sipendi kuihesabu. Huko ndiko nilikonyoosha Kiswahili hiki ninachoandikia. Kile cha nyumbani nimekiacha kwa ajili ya kuongea. Amerika ilinipokelea Louisville. Nilipanga maboksi kwenye ghala moja upande wa Okolona, chini ya taa ambazo hazikukuambia kama nje ni asubuhi au jioni. Hakuna aliyelalamika juu yangu, lakini nilikuwa nakonda moyoni. Tukahamia Columbus kwa binamu yangu, nikafunga nyama kiwandani, na baridi ya mle ndani ilikuwa kali kuliko ya nje. Mwishowe Mama Neema, mke wangu, akasema kaka yake Dieudonné yuko Buffalo, kuna nyumba ya mbao yenye vyumba vya kutosha, na kuna shamba linatafuta watu. Nilisikia neno shamba tu. Hayo mengine hakuwa na haja ya kuyasema.

Shamba mnalijua, mwendo wa saa moja kutoka mjini, karibu na ziwa. Cheri zake ni zile chachu za kupikia, ambazo mgeni huzila mara moja tu. Siku ya kwanza nilishuka kwenye gari nikiwa na koti refu na fimbo yangu mkononi. Mtu wa kwetu haendi kazini bila fimbo. Dale, fundi wa mashine, mzee Mmarekani aliyekuwa na mafuta meusi kwenye mikunjo ya shingo hata Jumapili, aliitazama ile fimbo, akanitazama mimi, akauliza, "Hiyo ni ya kumpigia nani?"

Dieudonné akatafsiri. Nikajibu kwamba si ya kumpigia mtu, ni ya kuegemea ninapofikiri.

"Hapa hatufikiri tukiwa karibu na shafti," Dale akasema.

Akawasha trekta, akafungulia nguvu ya nyuma, na ile shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye trekta hadi kwenye mashine ikaanza kuzunguka. Akachukua tambara bovu, akalirusha juu yake. Lilipotea kabla sijapepesa. Dale akaligusa koti langu kwa kidole kimoja, akasema, "Hilo tambara ni hili." Nililivua palepale, na tangu siku hiyo sijavaa kazini kitu kinachoning'inia. Fimbo aliniruhusu kuibakiza. Baadaye aliichonga alama mbili za kisu, kipimo cha mahali mashine inapobana mti: chini ya hii usishike shina, juu ya hii usishike shina.

Mashine ilikuwa kuukuu hata wakati ule. Ilinunuliwa kwa wakulima wa zeituni wa California, na Dale, ambaye ujanani alivuna zeituni huko, alisema imezoea kazi ngumu zaidi, kwa sababu zeituni hung'ang'ania tawi, lakini cheri iliyoiva inasubiri kuombwa tu. Ina mkono mrefu wenye taya mbili, na kila taya ina mto mnene wa mpira. Taya hubana shina, trekta hutoa nguvu, mti hutetemeka kwa muda wa pumzi mbili, na matunda huanguka kwenye turubai zilizoinamishwa pande zote mbili za shina, yakabingirika hadi kwenye matangi ya maji baridi. Mara ya kwanza nilipoona mti unavuliwa matunda yake yote kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, niliuonea huruma.

Mafundisho ya Dale yalikuwa maneno manne. Shika, subiri, tikisa, acha. Alisema wapumbavu wote aliowajua walikuwa wanalijua la kwanza na la tatu. Lile la pili ndilo lililonichukua misimu miwili kulielewa, nami nilidhani nimelielewa.

Msimu wa tatu Dale alikwenda kupasuliwa goti, nikakabidhiwa usukani. Upande wa pili wa mstari, kwenye turubai ya kupokelea, alikuwa Dieudonné. Wiki nzima kabla ya hapo mvua ilinyesha. Dale alinipigia simu kutoka kitandani, akasema ningoje ardhi ikauke, kwa sababu mti ulioshiba maji ganda lake huwa limelegea. Nilimwambia ndiyo. Lakini cheri zilikuwa zimeiva mno, siku ya kuzipeleka kiwandani ilikuwa imepangwa, na mimi nilitaka Mama Karen, mwenye shamba, aone kwamba mtu wa milimani anaweza. Sitamsingizia mtu mwingine.

Kwenye miti ya kwanza ya mstari wa sita, taya zilikuwa zinalia. Niliposhuka kutazama, niliona ganda limechubuka kidogo pale mipira ilipobana. Sasa sikilizeni akili yangu ilikokwenda. Kwetu ng'ombe akiwa na chuchu iliyopasuka, hukamui hivihivi. Unapaka samli vidoleni na kwenye chuchu yenyewe, mkono unateleza taratibu, ng'ombe anatulia, maziwa yanashuka. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa sijaota ndevu. Basi nikachukua grisi, nikaipaka juu ya mipira, usoni kabisa, pale inapokutana na ganda. Nikarudi kitini. Kelele zikaisha. Nikajiona nimemzidi Dale.

Nilitikisa mti baada ya mti. Turubai zikikutana huficha shina lote, kwa hiyo aliye kitini anaona majani na matunda tu, na matunda yalikuwa yanashuka vizuri. Tulifika karibu na mwisho wa mstari ndipo tawi moja likakwama kwenye turubai, Dieudonné akaifunua ili alitoe. Alisimama pale muda mrefu kuliko tawi lilivyostahili.

"Shemeji, zima mashini," akasema. "Kuya uone."

Nilikwenda. Ganda la mti lilikuwa limezunguka na kubambuka kama soksi iliyoteremka. Chini yake shina lilikuwa jeupe, bichi, linang'aa. Taya zilikuwa zinateleza juu ya grisi yangu, na kila zilipoteleza zilikuwa zinauchuna mti. Tukarudi nyuma mti mmoja mmoja. Mingine ilichunwa upande mmoja, mingine karibu kuzunguka shina zima. Ilikuwa kumi na tisa. Mti uliochunwa pande zote hauna njia ya kujilisha, unakufa umesimama. Nilijua hilo.

Lazima mjue mstari wa sita ulikuwa nini. Mama Karen aliupanda pamoja na baba yake kwa mikono yao, na yule mzee alifariki kabla haujazaa. Jueni pia kwamba watu kumi na mmoja wa kanisa letu walikuwa wanapanda lile gari kila asubuhi kwa sababu mimi ndiye niliyewaombea kazi.

Dieudonné aliangalia huku na huku. "Bon," akasema. "Donc, hapa tunafanya je? Mi nasema tupake udongo, turudishe turubai. Ule mama anakuyaka huku mara moja tu ku wiki."

"Na miti ikikauka?"

"Miti inakaukaka, shemeji. Ni Mungu anajua."

Sitawadanganya, nilifikiria. Nilifikiria kwa muda wa kama dakika mbili, nikiwa nimeegemea fimbo, karibu na shafti ambayo tulikatazwa kufikiria karibu nayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwita Mama Karen kwa simu, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, nikamwambia, "Nimeumiza miti. Mingi. Njoo." Kisha nikampigia Dale.

Dale hakunitukana. Aliuliza swali moja. "Chini ya ganda bado kuna maji?"

"Linateleza kama samaki."

"Basi una muda hadi likauke. Lirudishe mahali pake, ligongee misumari midogo, lifunge na kitambaa chenye maji, juu yake plastiki. Usile kwanza."

Misumari ilikuwepo, plastiki ilikuwepo. Kitambaa hakikuwepo. Nilikimbia hadi banda la kuchambulia cheri, walikokuwa kina mama. Kama mnavyojua, mama zetu huvaa suruali za kazi kwa sababu ya mashine, na juu yake hufunga kitenge kwa sababu ya Mungu. Nikamweleza Mama Neema kwa pumzi moja.

"Weye ulipaka mafuta wapi?" akauliza.

"Ku mipira. Ku inje."

"Sawa vile ku ng'ombe?"

"Njo vile."

Alinitazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Baba Neema," akasema, "hii haiko na mutoto wa kunyonya." Halafu akafungua kitenge kiunoni, akanipa. "Kamata. Pasula."

Wale wengine wakafungua vyao bila kuambiwa. Walikuja wote hadi mstari wa sita wakiwa wamevaa suruali tupu, kitu ambacho mchungaji wetu hajawahi kukiona wala sikumsimulia. Tukagawana. Mmoja anabana ganda kwa viganja, mmoja anagonga misumari, mmoja anachovya kitambaa kwenye ndoo na kuzungushia, mmoja anafunga plastiki. Jua lilikuwa linakausha kila tulichokuwa hatujakigusa. Mama Karen alifika tukiwa kwenye mti wa nne. Alitembea mstari mzima, akarudi. Ukimya wa Wamarekani ni mzito kwa sababu hawaufanyii mazoezi. Kisha akachukua nyundo.

Hatukula hadi mti wa kumi na tisa ulipofungwa, na jua lilikuwa linaelekea ziwani. Mstari wa sita ulikuwa umevaa njano, bluu, na picha za ndege wa kijani. Nilimwendea Mama Karen, nikamwambia kwamba miti ikifa nitaondoka mwenyewe, ila hawa wengine awaache, kwa sababu hawakushika usukani.

"Tutajua mwakani," akasema. Kesho yake alinitoa kwenye kiti cha trekta, akanipeleka kwenye matangi. Sikulalamika.

Dale alirudi baada ya wiki mbili kwa magongo. Alisimama mbele ya ile miti, akacheka hadi akashika goti. Halafu akanipeleka kwenye mashine, akafungua mto wa taya. Mle ndani mpira una ngozi mbili zinazolaliana. Grisi huwekwa kati ya ngozi na ngozi, ili ile ya nje iung'ang'anie mti bila kusogea na ile ya ndani ndiyo iteleze. Mti unashikwa kavu, mashine inateleza yenyewe kwa yenyewe. Akauliza kama hakuwahi kunionyesha. Nikamwambia hakuwahi. Alifikiri. Misimu yote miwili alikuwa anaweka grisi mwenyewe alfajiri, gari letu likiwa bado njiani.

"Basi nusu ya miti hiyo ni yangu," akasema.

Hayo ndiyo maelezo ya grisi. Ndiyo maana niliwafanya muifungue mito mbele yangu kila siku, mkaniona mzee msumbufu. Nilimpa Dale fimbo yangu aegemee badala ya yale magongo. Hakuirudisha hadi alipohamia kusini kwa mwanawe. Akaiacha imetundikwa mlangoni mwa banda la mashine, na ipo hadi leo, na alama zake mbili.

Vitenge tulivifungua kabla ya baridi. Ganda lilikuwa limeshika mahali pengi, mahali pengine halikushika. Theluji ilipoanguka, nilimwomba Dieudonné anipeleke shambani mara mbili nikatazame kama panya hawajala vidonda. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenilipa petroli. Dieudonné alikaa garini heater ikiwa juu, akasema anaomba kwa ajili yangu. Nadhani alikuwa analala.

Theluji ilipoisha, miti yote kumi na tisa ilitoa maua. Nilifurahi hadi nikampigia Mama Neema simu kutoka shambani. Dale akaniambia nisifurahi bado, kwa sababu hata mti unaokufa hutoa maua kwa akiba yake ya mwisho. Alikuwa sahihi. Kufika mwezi wa Juni, miti kumi na sita ilikuwa na majani mazito, na mitatu ilikuwa imekauka.

Mama Karen aliniita mstari wa sita. Trekta ilikuwa pale na mnyororo nyuma yake. "Ing'oe," akasema. Niliing'oa yote mitatu, na sijui kama nimewahi kufanya kazi iliyoniuma vile. Kisha akanionyesha miche mitatu ndani ya ndoo. Nikachimba, nikapanda, nikamwagilia. Aliniangalia hadi mwisho.

"Hii mitatu ni yako," akasema. "Siku utakapoitikisa, tutazungumza."

Alinikabidhi ufunguo wa trekta, akaenda zake. Nilimuuliza Dale cheri huchukua muda gani hadi shina liweze kubanwa na taya. Akasema miaka saba, sungura wakinihurumia. Nilikuwa tayari na mvi. Sikujua kama yule mama amenirudishia kazi au amenifunga, na sikuuliza. Niliamua siku hiyo kwamba sitaondoka kwenye shamba lile kabla sijaitikisa miti yangu, na niliamua vilevile kama mtu anavyoamua kuvuka mto akiwa na ng'ombe: ukishaingia majini, hurudi.

Miaka hiyo wengi wenu mnaijua. Mnakumbuka mwaka ule baridi ilirudi wakati wa maua, tukavuna matangi mawili tu. Mnakumbuka mpira wa mafuta ulipopasuka Dieudonné akaoga mafuta kuanzia kichwani, akaimba pambio hadi tukamaliza kumpangusa. Yeye kila alipopita mstari wa sita aliniuliza, "Batoto yako batatu wanaamukaje?" Nilikuwa namjibu wanakua. Nilikuwa nawafungia waya kuzuia sungura, nawapogoa, nawapima shina kwa kiganja.

Mgongo ulianza kuniuma mwaka wa tano. Daktari alisema mtetemo wa kiti unanila pingili, niache. Mama Neema akaniuliza jikoni, "Kweli unangoja miti tatu ikomae?"

"Nangoja."

"Ule mama alishasahau. Kosa moja haliachi mke."

"Mi siko muke yake," nikasema. "Na hakusahau." Akanitengenezea mkanda wa kufunga kiunoni kwa kitenge kilichobaki, chenye ndege wa kijani, na nilikivaa chini ya shati misimu miwili. Kiliwekwa ndani, mtaona nilikuwa nimejifunza.

Mwaka jana, Julai, mashina yalifika unene wa kubanwa. Mvua haikuwa imenyesha siku nyingi. Asubuhi ile nilifungua mito ya taya mwenyewe, nikaweka grisi kati ya ngozi na ngozi, nikapangusa mipira kwa nje hadi ikalia nilipoipitishia kidole. Dieudonné akasogeza turubai yake bila utani. Shika. Nikasubiri. Nilisubiri kuliko inavyohitajika, hadi Dieudonné akainua kichwa kunitazama. Nikatikisa. Nikaacha. Matunda hayakuwa mengi, miti michanga haina mengi, lakini yalishuka yote. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Nilipozima mashine, Mama Karen alikuwa amesimama mwisho wa mstari. Sijui nani alimwambia. Nywele zake nazo zimekuwa nyeupe. Alikuja taratibu, akaomba turubai ifunguliwe. Akapiga magoti kwenye mti wa kwanza, akapitisha kiganja kuzunguka shina lote pale taya ziliposhika. Akafanya hivyo kwenye wa pili. Kwenye wa tatu alizunguka mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshuka, nimesimama kando ya trekta. Miaka saba nilikuwa nimepanga maneno yangu ya kujitetea, na nilikuwa nimeyasahau yote.

Alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ulisema tutazungumza," nikamwambia.

"Hakuna cha kuzungumza," akasema, akinyoosha mkono kuelekea miti iliyobaki. "Malizia mstari."

Nikapanda trekta, nikamalizia mstari.